KABURI LA NJE YA MSTARI

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha mkiwa na hamu, na mimi nikiwa na jiwe kifuani. Jiwe kweli, la kilo kumi na ushee, nimelikumbatia katikati ya mji wa Singida, Ijumaa saa saba na nusu mchana, wakati wanaume wenzangu wako msikitini.

Kwa wewe uliyechelewa kununua gazeti, nakufupishia.

Mimi ni Abdulkadiri, fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani kwa Harish, muuza vitambaa, mwaka wa kumi na mbili huu. Mbele ya baraza ile kuna kiwanja kitupu kilichokuwa jalala la mji mzima, mpaka mimi, mke wangu Kauthar na kina mama wa mtaa tulipokifyeka. Tukasimamisha nguzo za netiboli za mabomba ya maji. Wavu wa voliboli niliuunga mwenyewe kwa mifuko ya vitunguu.

Mfadhili mmoja akatuletea sanduku la mipira na jezi kupitia ofisi ya mtaa wetu. Sanduku likaingia ofisini kwa mtendaji, Antipasi. Kutoka, halikutoka.

Kisha akaja Raymond wa Utemini, mwenye malori matatu, akitaka kiwanja hichohicho kiwe maegesho. Na Bi Scholastika, afisa wa viwanja, akatamka neno la mwisho: "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kuona kwa macho yangu. Nikikuta watu wanacheza, naandika eneo la michezo. Nikikuta pamelala, naandika maegesho."

Raymond si mjinga. Ijumaa asubuhi akashusha nguzo za uzio, mafundi waanze kuchimba mashimo kesho yake. Uwanja ukifungwa uzio, nani atacheza? Na asipocheza mtu, Bi Scholastika ataandika nini?

Ndipo nikawaza kaburi.

Hakuna fundi wa Singida atakayechimba shimo la nguzo ubavuni mwa kaburi. Si kwa hela ya Raymond, si kwa ya mtu yeyote.

Nilipiga hesabu ya mtaa mzima, mtu kwa mtu. Saa saba Harish anafunga duka, anapanda ghorofani kula na kulala hadi saa tisa. Waislamu wako kwenye sala ya Ijumaa. Waliobaki wako kwa mama lishe wanagombea nyama. Kwa nusu saa hivi mtaa wetu hauna macho.

Mawe Singida hayatafutwi, yanakutafuta yenyewe. Nikayabeba moja moja kutoka nyuma ya ukuta, nikayapanga kwa urefu wa mtu mzima, nikamwaga karai nne za udongo juu yake, nikachomeka jiwe refu kichwani. Sikuchimba. Shikeni hilo neno, litahitajika mbele. Sikuchimba hata urefu wa kidole.

Kwa hiyo ndiyo, nimekosa sala ya Ijumaa ili nijenge kaburi la uongo. Nimelisema gazetini ili nisilisemee mahali pabaya zaidi.

*

Jumamosi asubuhi ikawa kama nilivyotaka. Fundi wa kwanza wa Raymond alifika na sururu begani, akaona, akaishusha polepole.

"Bosi, hapa pana mtu," akasema.

"Mtu gani? Jana hapakuwa na kitu!" Raymond akafoka.

"Makaburi huwa hayaji jana, bosi. Yapo tu."

Wakakusanya vyombo vyao wakaondoka. Raymond akabaki anazunguka kifusi kile kwa hatua ndefu, anakitazama kwa jicho moja na mimi kwa jicho la pili. Nilikuwa nimeinamia cherehani, nashona gauni la ubatizo kwa uchaji mkubwa.

Antipasi, mtendaji wetu, akaitwa. Akafika na shajara yake kwapani.

"Tulikuwa tunafyeka, likajitokeza," nikamwambia kabla hajaniuliza.

Akatazama. Akakuna kidevu.

"Lakini limelala kaskazini kwenda kusini," akasema. "Huyu hakuzikwa Kiislamu."

Hilo sikuwa nimelifikiria, ndugu msomaji. Mimi, mtoto wa Kiislamu niliyebeba majeneza tangu ndevu hazijaota, nilikuwa nimelaza kaburi lile sambamba na mstari wa pembeni wa uwanja, ili lisitumegee sehemu ya kuchezea. Nilikuwa nafikiria netiboli. Kibla sikukikumbuka kabisa.

Watu wote waliokuwa pale, kwa sababu nisiyoielewa, wakageuka kumtazama Harish.

"Msinitazame mimi," akasema Harish, mikono juu. "Sisi tunachoma."

Antipasi akaandika kwenye shajara kwamba marehemu hajulikani, dini haijulikani, uzio usimamishwe. Jioni hiyo tukacheza. Kauthar alifunga magoli kumi na moja. Vasanti, mke wa Harish, aliyekuwa akizunguka uwanja kila alfajiri na raba zake nyeupe kwa ajili ya sukari ya mwili, kwa mara ya kwanza alivuka mstari akaomba arushe mpira. Akaukosa mduara wa goli kwa mita tatu, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilikaa kwenye ngazi za baraza nikiwatazama, nikajiona mwanamume.

Kauthar akaja kukaa kando yangu, jasho linamtiririka, akanong'ona.

"Baba Zaituni, kibla kwetu kiko wapi?"

"Kaskazini."

"Na yule marehemu wako anaelekea wapi?"

Nikatazama. "Dukani kwa Harish."

"Jana hukwenda msikitini. Kanzu yako ina udongo hadi magotini. Sikuulizi kitu." Akanywa maji. "Ila likikuangukia, usiangukie kwangu."

*

Jumapili likaniangukia.

Ilikuwa saa kumi, tumegawana timu, mpira uko hewani, mara tukasikia kilio. Si kilio cha mtu aliyejikwaa. Kilio cha msiba.

Bi Sijaona alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kifusi changu, kanga imemshuka kichwani.

Huyu ndiye yule bibi wa sehemu ya tatu, muuza kashata, mwenye dirisha linalotazama kiwanja kutoka upande wa pili. Ndiye aliyekuja siku tunafyeka akaomba tuwawekee wazee benchi moja tu, kwenye kivuli cha ukuta, nao watoke ndani wapunge hewa. Nami, kwa kujifanya mcheshi mbele za watu, nikamjibu kuwa mchezo wa wazee ni kusinzia, na kusinzia hakuna ligi. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Baba yangu!" akalia. "Baba yangu Mzee Mrisho! Aliaga anakwenda Kilimatinde, mimi mtoto mdogo, hakurudi! Miaka yote tunasema kaliwa na simba! Kumbe hakutoka hata mjini!"

Mpira ukadunda peke yake ukaenda zake mtaroni. Hakuna aliyeufuata.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeniokotea baba yangu."

"Lakini bibi... kaburi hili halikuelekea kibla."

Akanitazama na macho yale yaliyolowa.

"Baba yangu alikuwa mbishi," akasema.

Kisha akainuka, akajifuta uso, akasema maneno yaliyonimaliza. "Nawashukuru wote. Ila mpira basi. Hakuna atakayerukaruka kichwani pa mzazi wangu."

Nani angembishia? Kina mama wakavua viatu, wakainamisha vichwa, wakamfunga kanga vizuri. Mmoja akaenda kuleta sukari, mwingine majani ya chai. Kauthar alinitazama juu ya mabega yao, na jicho lile sitalisahau.

Tangu siku hiyo, kila ikifika saa kumi, saa yetu ya mchezo, Bi Sijaona anakuja na mkeka wake, anakaa kando ya kaburi, anavuta uradi. Anaondoka jua likizama. Uwanja umelala kimya, na Jumamosi inakuja.

Niliona haya, wasomaji wangu. Nimewahi kukosea vipimo vya suruali ya bwana harusi, nimewahi kuunguza shela kwa pasi, lakini haya ya namna ile sikuwahi kuionja. Nilikuwa nimempa bibi wa watu mawe na karai nne za udongo, naye anayaita baba.

*

Aliyenishangaza zaidi ni Antipasi.

Jumapili ileile jioni aliniita ofisini kuandika maelezo. Jua la magharibi lilikuwa linanichoma usoni moja kwa moja. Nikatazama dirishani. Mapazia niliyomshonea mwaka jana, ya bluu yenye ukingo wa njano, hayakuwapo.

"Yako kwa dobi," akasema, na mimi sijauliza.

Jumatatu tulipoamka, kaburi lilikuwa limezungushiwa miba. Na limenenepa. Niliyelijenga najua lilivyokuwa. Lile lilikuwa limeongezeka kama futi moja kwenda juu.

"Nimemwongezea marehemu udongo," Antipasi akatutangazia, mikono bado ina vumbi. "Kuanzia leo hakuna kulisogelea. Tuwe na utu."

Nikawaza, kumbe huyu bwana ana imani kiasi hiki! Siku hiyohiyo wajumbe wa mfadhili walipita ofisini kwake kuulizia lile sanduku la mipira. Wakafungua kila kabati. Hawakuona hata filimbi.

Raymond naye hakulala. Alijua kaburi linahamishwa likipata kibali na ndugu wakiridhia. Akazunguka na karatasi yake meza kwa meza hadi ikapigwa mihuri yote. Jumatano akaenda kwa Bi Sijaona na kilo tano za mchele.

Nilijua atamfukuza na mchele wake. Mtu anayelilia mzazi hivyo atakubali vipi achimbuliwe?

Alikubali.

"Ahamishwe," akasema, na mchele akapokea. "Kesho saa kumi. Nataka kumwona baba yangu kwa macho."

Usiku wa Jumatano nisikusimulie. Kauthar alianza na maneno matatu tu: "Nenda kaseme ukweli." Nikamwambia nikisema, nitaonekana mhuni, na Raymond atapata uwanja asubuhi. Akasema nisiposema, watachimba, watakuta patupu, nitaonekana mhuni vilevile, na Raymond atapata uwanja jioni.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tofauti ni masaa, baba Zaituni. Ila bibi wa watu atakuwa amesimama pale anachungulia shimo."

Nikageukia ukutani. Hakuna kitu kibaya kama mke mwenye haki.

*

Alhamisi saa kumi, mji wote ulikuwa kiwanjani. Kama wangejaa hivyo siku za netiboli tungekuwa na ligi ya mkoa.

Bi Scholastika alikuwepo na faili lake. Raymond alikuwa amevaa koti la suti, ameleta hata sanduku jipya la mbao la kuwekea mifupa. Harish alifunga duka saa zile za biashara, jambo ambalo sijaliona tangu alipofiwa na mama yake, akasimama barazani na Vasanti. Wachimbaji wawili wa Mwankoko walikuwa wameegemea majembe yao, wakisubiri dua iishe.

Antipasi ndiye aliyekuwa katika hali mbaya. Kijasho kilikuwa kinamtoka hadi kwenye kola.

"Mimi kama mtendaji nina pingamizi," akasema. "Tumwache marehemu apumzike. Mila zetu..."

"Mila zipi?" Bi Scholastika akamkata. "Ndugu wa marehemu ameridhia, kibali hiki hapa. Una nini wewe?"

"Nina utu."

"Kaa nao pembeni. Chimbeni."

Miba ikaondolewa. Jiwe la kichwani likatolewa. Nilikuwa nimesimama karibu na Bi Sijaona, nimemshika mkono asije akaanguka. Nikapiga moyo konde. Nikasema, sasa hivi, Abdulkadiri, fungua mdomo.

"Bibi," nikaanza, kwa sauti ya chini. "Nina neno. Humo ndani..."

"Hamna kitu," akasema.

Nikamgeukia.

Alikuwa anatazama mbele, uso wa msiba, machozi yanashuka vizuri kabisa, na midomo inasogea kidogo tu.

"Ulihesabu wanaume, mwanangu," akanong'ona. "Ijumaa wanaume wote mnakwenda msikitini. Mimi nilikuwa dirishani nakaanga karanga. Niliona jiwe la kwanza hadi la mwisho. Hata lile lililokuangukia mguuni ukaruka ukitukana, nililiona."

Nikageuza macho kwenye dirisha lake, ng'ambo ya kiwanja.

"Baba... Mzee Mrisho..."

"Baba yangu nilimzika mwenyewe, Kilimatinde, nina wajukuu tayari. Alikuwa mpole, hakuwa mbishi hata kidogo."

"Sasa bibi, siku nne hizi! Kulia kote kule!"

"Nilitaka uone mtu akikunyima pa kukaa." Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, wanawake wakamwonea huruma. "Niliomba benchi. Ukawafanya watu wanicheke."

Majembe yalikuwa yameshafika kwenye mawe. Jiwe la kwanza likatoka, la pili, la tatu.

"Sikiliza, hatuna muda," akasema Bi Sijaona. "Mimi ndiye mwenye kaburi. Nikisema nimeota baba amekataa kuhama, wanafukia sasa hivi, na Raymond hana la kufanya. Nikisema baba hana kinyongo na mpira, Jumamosi mnacheza. Nataka benchi. Lenye kuegemea, si gogo. Kivuli cha bati. Na saa moja kila jioni uwanja uwe wa wazee, mtupishe, tutembee, tucheze bao, hata tusinzie tukitaka."

"Nimekubali."

"Apa."

"Wallahi, bibi, nimekubali. Na samahani. Ile siku nilikosa, na nimejua nimekosa."

Nilisema kutoka moyoni, na nadhani aliliona hilo, kwa sababu alinibana mkono kidogo kama mama. Niliona nimezaliwa upya. Uwanja umepona, bibi hana msiba, Kauthar atanipikia. Bi Sijaona akainua mkono wake juu, akavuta pumzi ya kusimamisha kazi.

Jembe likashuka.

Kaburi likapumua.

Msomaji, sikutanii. Kutoka chini ya ule udongo ilitoka sauti ndefu, *pssssssss*, kama mtu aliyeshikilia pumzi miaka sabini sasa amechoka.

Mchimbaji wa kwanza aliruka nje ya shimo bila kugusa ukingo. Wa pili akasema neno la Kinyaturu ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa, akafuata. Watu wakatawanyika. Raymond alilipita sanduku lake la mifupa kwa mruko ambao ungetufaa sana kwenye timu. Vasanti na raba zake alifika ghorofani kabla ya Harish.

Tukabaki wanne. Bi Scholastika, aliyejificha nyuma ya faili lake. Antipasi, aliyesimama kama aliyepigiliwa misumari. Mimi, kwa sababu miguu ilikataa. Na Bi Sijaona, aliyekuwa ameushika mkono wangu kwa kucha.

Hakuwa anaigiza tena.

"Abdu," akasema. "Ulizika nini?"

"Sikuzika kitu, bibi. Naapa. Sikuchimba hata kidogo."

"Mimi nimesikia kikipumua."

Sauti ilikuwa inafifia. *Psss... pss...* Ikanyamaza. Nikanyoosha shingo, nikachungulia.

Chini ya mawe yangu kulikuwa na shimo ambalo si langu. Ndani ya shimo kulikuwa na furushi kubwa la kitambaa, limetobolewa na jembe, na pale lilipotobolewa palikuwa pamebonyea. Kipande kimoja cha mpira mpya, wa rangi ya chungwa, kilikuwa kimejitokeza.

Kitambaa kilikuwa cha bluu. Ukingo wa njano.

Mtu anaweza kusahau uso wa mtoto wa shangazi yake. Fundi hasahau mshono wake. Ule ukingo niliukunja mara mbili kwa sababu Antipasi alisema anataka mapazia ya ofisi yenye heshima.

Nikainua macho. Antipasi alikuwa ananitazama. Alijua kuwa nimejua. Na polepole, kwa namna alivyoyatazama mawe, kisha mikono yangu, kisha mawe, nikaona naye anajua.

Yeye hawezi kuuliza nani alijenga kaburi juu bila mtu kuuliza nani alificha mipira ya mfadhili chini. Na mimi siwezi kumtaja wa chini bila wa juu kutajwa. Tukawa tunatazamana juu ya shimo kama wacheza bao waliobakiwa na kete moja moja.

"Fukieni!" Antipasi akapiga kelele ghafla, ingawa wachimbaji walikuwa wameshafika barabarani. "Marehemu amekataa! Mmesikia wenyewe! Fukieni!"

"Hakuna kufukia." Bi Scholastika alikuwa ameshusha faili lake. Alisogea hadi ukingoni, akainama, akalitazama furushi kwa muda. Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, shingo mbele, miguu nyuma. Raymond akiwemo.

"Hili si kaburi," akasema Bi Scholastika. "Hapa kuna mtu amenichezea akili, na mimi sichezewi. Nauliza mara moja. Mtu asiponitajia sasa hivi aliyefanya kazi hii, kiwanja naandika maegesho hapahapa nilipo. Nani amemwona?"

Nikamwona Kauthar katikati ya kina mama, amefumba macho.

"Mimi nimemwona," akasema Bi Sijaona.

Mji wote ukamgeukia. Alikuwa ameacha mkono wangu. Alisimama wima, kanga imetulia kichwani, bibi muuza kashata ambaye Jumapili hadi Jumapili hakuna anayemuuliza kitu.

"Dirisha langu linatazama hapa," akasema. "Ijumaa nilikuwepo. Na Jumatatu alfajiri, kabla ya adhana, nilikuwepo pia. Wazee hatulali."

Antipasi alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Kumbe bibi alimwona na jembe alfajiri ile, akadhani ni udongo tu anaongeza, mpaka leo furushi lilipotoboka.

"Basi tuonyeshe, mama," Bi Scholastika akasema. "Nyoosha kidole."

Bi Sijaona akanyoosha kidole.

Kikamwendea Antipasi, kikasimama. Kikaja kwangu, kikasimama. Kikarudi kwa Antipasi. Kisha, kidole kikiwa katikati hewani, akainamisha kichwa upande wangu kidogo tu, midomo ikasogea.

"Abdu, mwanangu," akanong'ona. "Tulisema benchi ngapi?"